Paja Lililotiwa Chumvi Mara Mbili

Jumamosi, 24 Agosti

Nieves, muuguzi wa zahanati yetu, amenipa daftari hili. Kasema niandike kila siku Eleuterio amesahau nini na alikuwaje baada ya hapo, ili daktari wa mjini Cáceres akiliona apate pa kuanzia. Nikamwuliza daktari gani, maana mume wangu hajakubali kuguswa na daktari tangu alipong'olewa jino jeshini. "Wewe andika tu, Bi Casilda," akasema, na akaniwekea kalamu juu yake.

Haya, naandika. Leo kasahau jina la mbwa wa jirani yetu Obdulia, jambo ambalo si hasara, maana mbwa mwenyewe hana faida. Kasahau pia kwamba tulishakunywa kahawa. Tukanywa tena. Tini za upande wa ukutani zimeanza kuiva.

26 Agosti

Joto. Hakusahau kitu, au kasahau na mimi sikuona.

Jumatano, 28 Agosti

Leo tumelianza paja.

Nyumbani kwetu paja la nguruwe haliguswi mpaka mtini utoe kikapu cha kwanza kilichojaa. Hili lilining'inia dari ya juu tangu tulipochinja, Desemba ya mwaka juzi. Mwenzake tulimpa mwanetu Leandro Krismasi iliyopita akaenda nalo kwake Bilbao, na alipiga simu mara tatu kulisifia. Kwa hiyo nilikuwa nalingojea hili kwa hamu, sifichi.

Eleuterio alilichoma karibu na kiungo kwa kile kijiti chake cha mfupa, akakipeleka puani, akafumba macho. "Halina neno," akasema. Pua yake haijasahau kitu. Akalibana kwenye kishikio cha mbao, akanoa kisu kirefu, akakata kipande chembamba hata nikaona kivuli cha kidole chake upande wa pili. Kipande cha kwanza ni cha mama wa nyumba. Baba yake alifanya hivyo kwa mama yake, naye kanifanyia mimi miaka arobaini na mitano. Nikakitia mdomoni.

Chumvi tupu. Paja lolote lina chumvi, najua, lakini hii iliuma ulimi na kukausha koo.

"Vipi?" akaniuliza, kisu bado mkononi.

"Tamu."

Nikanywa glasi ya maji. Kisha nyingine.

"Una kiu leo, mke wangu."

"Si joto hili!"

Kabla hajakata cha kwake nikapasua tini mbili zilizoiva mpaka zinatoa asali, nikazifunika kwa nyama, nikamtia mkononi. Akala. Akatikisa kichwa kukubali, akataka nyingine.

Alasiri alipojilaza nikashuka chumba cha chini, lilipo sanduku la chumvi. Kila kilo ya paja hukaa siku moja ndani ya chumvi, na kila siku Eleuterio huchora mstari ukutani kwa mkaa. Mapaja yale yalikuwa ya kilo kumi na mbili kila moja. Nikahesabu mistari kumi na miwili. Kando yake, kwa mkono uleule, kulikuwa na mistari mingine kumi na miwili.

Hapo nikakumbuka. Januari ile niliona paja moja tu linaning'inia, nikamwuliza jingine liko wapi, akasema hilo ni nene, bado linataka chumvi. Nikamwachia. Kwetu kutia chumvi mapaja ni kazi ya wanaume, sisi wanawake tunashika soseji. Mimi niligusa siku mbili tu, alipokuwa kitandani kwa mgongo, nikayageuza kama alivyoniagiza. Basi ndivyo ilivyokuwa: alilitoa, akaliosha, akasahau kwamba muda wake umetimia, akalirudisha na kuanza kuhesabu upya.

Kumbe ilianza zamani hivyo. Miezi ishirini nimelala kando yake nikidhani ni mambo ya kiangazi hiki.

Eleuterio hana elimu, hana shamba kubwa, na kwenye kucheza karata ni mbovu. Lakini hakuna mtu kijijini ambaye hajawahi kumwita aje kumtilia chumvi mapaja yake. Hajawahi kuharibu hata moja, tangu akiwa na miaka kumi na minne. Hilo ndilo lake. Akijua kwamba hata hilo limemponyoka, sijui kitabaki nini cha kumshikia. Basi hatajua. Nitalipika paja hili mpaka mfupa, na mtini utanisaidia.

29 Agosti

Nimeloweka vipande kwenye maziwa tangu asubuhi. Mchana nikakaanga mkate wa jana uliovunjwavunjwa, kwa kitunguu saumu na pilipili nyekundu ya unga, nikatia nyama ile na tini zilizokatwa. Sikutia chumvi hata punje. Alikula sahani mbili. Kasahau tu kufunga zizi la kuku.

31 Agosti

Tini za kuoka: unazichanja msalaba kichwani, unazibinya zifunguke, unaingiza nyama, mafuta ya zeituni, tone la mvinyo. Nyama ikitoa chumvi, tini inaimeza. Nilionja kabla ya kumpa. Inalika.

Kaniuliza mara tatu leo kama Leandro atakuja sikukuu ya Kristo, ile ya kijiji chetu katikati ya Septemba. Mara ya tatu nilimjibu kwa ukali. Nikaenda kujilaumu bandani.

Jumanne, 3 Septemba

Obdulia kachungulia juu ya ukuta. "Casilda, hapo kwenu siku hizi ni tini asubuhi, tini mchana, tini jioni. Mmeota mabawa kama ndege?"

"Mume wangu anazipenda."

"Mume wako? Huyu Eleuterio aliyesema mwaka jana kwamba tini juu ya paja ni kumvisha askari gauni?"

Alisema hivyo kweli. Alisema sokoni, watu wakacheka wiki nzima. Kumbe kila anaponyoosha mkono kuipokea tini, amesahau kwamba hazipendi. Nimelia kidogo nilipokuwa namenya vitunguu, lakini sivilaumu vitunguu.

4 Septemba

Kilo nne zimeanikwa juani kwenye mikeka. Nyigu wengi.

Ijumaa, 6 Septemba

Leo lazima niandike, ingawa sitaki.

Alitoka saa tatu kwenda kuchuma tini za mtini wa kisimani, mwendo wa robo saa. Saa sita hajarudi. Nikaenda. Kikapu kilikuwa chini ya mti, kimejaa, kimefunikwa kwa majani vizuri kama anavyofanya siku zote, yeye hayupo. Niliita mpaka sauti ikakauka. Jua lilikuwa kali hata mawe yalikuwa hayashikiki.

Nilimkuta nyumbani kwa marehemu baba yake. Nyumba ile haina paa miaka ishirini sasa. Alikuwa amekaa kizingitini, kofia mikononi, anangoja.

"Wamekwenda wapi hawa?" akaniuliza.

"Wamekwenda mjini," nikasema. "Twende tukale, watatukuta."

Akainuka. Njiani akanishika mkono, kitu ambacho hatukufanya hata tulipokuwa wachumba, kwa kuogopa ulimi wa Obdulia. Tulipopita penye kikapu akakichukua begani. "Nani kachuma hizi?" akasema. "Kachuma vizuri."

Jumapili, 8 Septemba

Leandro kapiga simu. Nilimwambia habari ya juzi, nikajuta papo hapo.

"Mama, nimesema toka Pasaka. Aonwe na daktari."

"Hataki. Kasema akipelekwa ataruka kutoka kwenye gari."

"Basi nitawachukua nyote wawili kuja Bilbao kabla ya baridi. Chagueni. Daktari, au Bilbao."

Bilbao wanaishi ghorofa ya sita. Eleuterio nilishamwona pale siku tatu: alikuwa anasimama dirishani amevaa kofia, anauliza mlango wa kutokea uko wapi. Akihamishwa kule atakwisha, najua kama ninavyojua jina langu. Ila kwa daktari haendi, maana kwenda ni kukubali.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepaka chokaa chumba cha chini. Sikukuu inakuja, kila mtu anapaka chokaa, hakuna wa kushangaa. Mistari yote ishirini na minne imefunikwa. Nilikuwa kwenye upako wa pili nilipomwona Eleuterio amesimama ngazini, ananitazama. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Unapaka?"

"Napaka."

"Vizuri," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyozoea. "Usijichoshe, Casilda."

11 Septemba

Kasahau kunyoa upande mmoja. Nimemnyoa mimi.

Alhamisi, 12 Septemba

Leandro kafika, peke yake. Mke wake yuko kazini. Amenenepa. Baba yake kamkumbatia na kumwita kwa jina lake sawasawa, nikashukuru Mungu.

Jumamosi, 14 Septemba. Sikukuu ya Kristo

Tumerudi kanisani saa saba. Watu kumi na mmoja mezani uani: sisi, Obdulia na ukoo wake. Nilikuwa nimeamka alfajiri kuhakikisha hakuna kipande cha paja kitakachofika mezani bila tini: za kuoka, za kukaanga, na sinia zima la tini mbichi zilizovikwa nyama. Lakini kwenye sikukuu lazima Eleuterio asimame mbele ya watu na kukata. Hilo sikuweza kulizuia.

Akasimama. Shati jeupe, mikono imekunjwa. Sijui kisu kinajua nini ambacho kichwa hakijui, maana vipande vilianguka vyembamba, sawasawa, na watu wakamtazama kama zamani. Nilimpenda pale kiasi cha kuumia kifua.

Leandro, kama alivyokuwa mtoto, akanyoosha mkono akadokoa kipande kitupu, bila tini. Nikaona uso wake ukibadilika. Akafungua mdomo kusema.

"Kula na tini," Eleuterio akamwambia, hakuinua hata macho.

"Lakini baba, hii—"

"Nimesema kula na tini. Mama yako kaziandaa tangu alfajiri."

Leandro akala na tini. Obdulia naye akala, akanywa mvinyo, akala tena, akasema paja la mwaka huu ni la kiume. Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: kwa nini alimkatiza?

Jumapili, 15 Septemba

Nilikuwa naosha masufuria uani. Leandro akaja, akachukua kitambaa akaanza kukausha, na hapo nikajua kuna jambo, maana hajakausha sufuria tangu azaliwe.

"Mama, jana baada ya chakula Baba alinivutia bandani. Alifunga mlango."

"Akasema nini?"

Mtoto wangu ana miaka arobaini na miwili, lakini aliendelea kukausha sufuria lilelile kama mtoto. "Kasema, 'Leandro, mama yako ameanza kusahau. Lile paja alilitia chumvi mara mbili, mwaka ule nilipougua mgongo. Ameona aibu, amefuta alama ukutani, na sasa anajitesa kulificha kwa tini. Usimwambie kwamba tunajua. Mimi nazila tini, na wewe zile. Na mpeleke kwa daktari, lakini taratibu, asiogope.'"

Nilikaa kwenye ukingo wa karai. Maji yalilowesha sketi yangu.

"Ni kweli, Mama? Ni wewe?"

Nilitaka kumwambia twende nikuonyeshe ukuta. Ukuta ulikuwa mweupe kabisa. Na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, sikuwa na hakika. Nilijiuliza kama zile siku mbili nilizoyageuza sikufanya mimi jambo ambalo silikumbuki. Kisha nikaenda chumbani nikamletea daftari hili. Alisoma akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, na alipofika kwenye mistari ya mkaa akakaa chini kando yangu, akanilalia begani.

Mume wangu hapendi tini. Hakusahau kamwe kwamba hapendi. Wiki mbili na nusu alikuwa anazimeza kwa ajili yangu, na mimi nampa.

"Tumwambie ukweli?" Leandro akauliza.

"Hapana," nikasema. "Atakwenda kwa daktari sasa. Mwache anipeleke."

Jumatatu, 16 Septemba

Leandro kaondoka asubuhi. Tukabaki wawili, mezani, na sinia la mabaki ya sikukuu.

"Eleuterio, nina jambo la kukwambia. Lile paja. Mimi ndiye niliyelirudisha kwenye chumvi. Nilisahau."

Hakushtuka. Aliweka kisu chini.

"Najua. Nilijua siku ile ya kwanza, ulipokunywa glasi mbili za maji."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Umenipikia miaka yote hii. Paja moja ni kitu gani?" Akanitazama, na macho yake yalikuwa mazima kabisa, ya yule kijana aliyekuja kutia chumvi mapaja ya baba yangu. "Unaogopa?"

"Naogopa," nikasema, na huo haukuwa uongo.

"Usiogope. Mimi nitakumbuka kwa niaba yetu wote wawili."

Nikamwambia yuko daktari Cáceres. Nikasema siwezi kwenda peke yangu. Akasema nani kasema uende peke yako, nitavaa koti langu la harusi ya Leandro.

20 Septemba

Mawingu upande wa magharibi. Tini za mwisho zinapasuka zenyewe mtini.

Jumanne, 24 Septemba

Mvua ya kwanza. Nilikuwa zahanati, nikamwachia tini za mikekani aziangalie. Niliporudi alikuwa amelowa chapachapa, anaitoa mikeka ndani kwenda nje. Alikuwa ameshaiingiza, akasahau kwa nini, akaona tini zinataka jua. Nusu yake zimeharibika. Nilifungua mdomo nimfokee. Akaniwahi: "Casilda, umeacha mikeka kwenye mvua. Si kitu. Tutachambua." Tukakaa tukachambua, na kila alipokuta nzima aliniwekea upande wangu.

30 Septemba

Mtini hauna kitu. Leo nimechemsha dengu na kipande cha mfupa, maji nimemwaga mara mbili.

Jumanne, 8 Oktoba

Cáceres. Basi la saa moja. Koti la harusi linambana kwapani, lakini alikaa wima njia nzima, mfuko wangu magotini mwake, akiniuliza kila baada ya kijiji kimoja kama sijambo.

Daktari ni mwanamke kijana. Nieves alikuwa ameshampigia simu, na daftari hili, nililompelekea kwa mkono wa Nieves wiki iliyopita, alikuwa ameshalisoma. Akatuketisha wote wawili, akanigeukia mimi, lakini macho yake yalikuwa upande wa Eleuterio.

"Bi Casilda, nitakuuliza maswali machache. Mume wako akitaka kukusaidia, ruhusa."

"Nitamsaidia," Eleuterio akasema.

"Huu ni mwezi gani?"

Mvua ilikuwa inagonga dirisha. Barabara yote tuliyopita ilikuwa imejaa majani makavu. Nikangoja. Eleuterio akaniinamia sikioni, mkono kashika goti langu.

"Juni," akaninong'oneza.

"Juni," nikasema.

"Mwaka?"

Akanong'ona mwaka ambao Leandro alikuwa anaanza shule. Nikautaja.

Daktari hakutikisika. Akatutajia maneno matatu tuyashike: farasi, kijiko, tufaha. Akauliza mambo mengine, watoto wangapi, kijiji gani, haya yote Eleuterio aliyapata na mimi nikayarudia. Kisha akataka yale maneno matatu. Nilihisi mkono wake umekaza gotini pangu. Alifikiri mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, kwa ajili yangu, nisiaibike.

"Farasi," akaninong'oneza. Muda ukapita. "Casilda, nisamehe. Mengine sikuyasikia."

"Farasi," nikamwambia daktari. "Mengine sikuyasikia."

Daktari akainama akaandika, akachukua muda mrefu kuandika. Kisha akasema mimi na mume wangu tutakunywa kidonge kila asubuhi, wote wawili, kwa umri huu ni vizuri. Changu ni kilekile cha presha ninachokunywa siku zote. Akatutaka turudi Januari. Mlangoni akanishika mkono, akasema taratibu kwamba tunaweza kubaki nyumbani kwetu baridi hii, Nieves akija kila wiki, ila mume wangu asitoke peke yake. Hatuendi Bilbao. Nilitaka kufurahi. Nilifurahi kidogo.

Barabarani Eleuterio akanifunga skafu. "Umejitahidi," akasema. "Umekosea kidogo tu."

Jumatano, 9 Oktoba

Nyama iliyobaki ni ya kukwangua mfupani. Tini mbichi hakuna, zimebaki zilizokauka, nusu bakuli, zile alizoniwekea upande wangu siku ya mvua.

Asubuhi tumekunywa vidonge. Alinisimamia mpaka nikakimeza changu, ndipo akameza chake. Mchana akalibana paja kwenye kishikio, akanoa kisu.

"Desemba tukichinja," akasema, "wewe usishike chumvi. Niachie mimi."

"Sawa, mume wangu. Nakuachia."

Hatutachinja Desemba. Nguruwe tulimuuza juzi kwa shemeji yake Obdulia, na Eleuterio mwenyewe ndiye aliyefungua banda.

Nikavuta bakuli la tini nimwekee. Akalisukuma pembeni, taratibu.

"Leo usihangaike na hizi," akasema. "Tule tu hivyohivyo. Tuko wawili."

Akanyanyuka, akaenda kwenye mtungi, akarudi na glasi mbili za maji. Zote akaziweka upande wangu. Kisha akakata kipande cha kwanza, akanipa.